Mwalimu mpya, usiandike tu "somo limeeleweka"

Fungua andalio la somo, shuka mpaka chini kwenye nafasi ya tathmini. Mara nyingi utakuta maneno yaleyale: "Somo limefundishwa na kueleweka vizuri." Jumatatu limeeleweka, Jumanne limeeleweka, muhula mzima limeeleweka. Mtihani ukija, watoto wanaanguka na sisi tunashangaa.

Kwa walimu mlioripoti kazini hivi karibuni, naamini kwa dhati kwamba mistari ile michache itawakuza kuliko semina nyingi mtakazoitwa, mkiijaza kwa ukweli.

Tatizo linaanzia kwenye swali letu tulipendalo: "Mmeelewa?" Darasa zima linaitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Watoto wetu wamezoeshwa kuitikia hivyo tangu awali. Jibu la kweli limo kwenye madaftari.

Chukua hesabu za sehemu. Umefundisha 1/2 + 1/3, umeonesha kwamba KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 2 na 3 ni 6, jibu likawa 5/6. Unakusanya madaftari, unakuta 2/5 kila mahali. Unaweza kukosesha, ukaandika "fanya masahihisho", ukaendelea na mada. Lakini tulia hapo kidogo. Hawa hawakubahatisha. Wamejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili (namba ya chini) kwa asili, maana kwao sehemu ni namba mbili tu zilizotenganishwa na mstari. Hata hawajaona kwamba 2/5 ni ndogo kuliko ile nusu waliyoanza nayo! Basi andika: "Wengi wanajumlisha asili. Kesho tuanze kwa kukunja karatasi, KDS baadaye." Hiyo ndiyo tathmini. Inakwambia kesho uingie darasani na nini.

Najua mtasema darasa lina watoto tisini na vipindi ni vingi. Ni kweli, na si haki. Siku ukizidiwa, soma madaftari kumi, ya mbele, ya katikati na ya nyuma kabisa. Yatakuonesha mengi.

Kisha usikae nayo peke yako. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, imetuletea Jumuiya za Ujifunzaji shuleni, vikao vya walimu kujifunza pamoja, na ni jambo jema, ila kikao kikigeuka cha matangazo kinapotea bure. Nenda na daftari lenye ile 2/5, liweke mezani, uulize wenzako wanaifundishaje mada hiyo. Mwombe mwalimu mzoefu aje akae nyuma ya darasa lako kipindi kimoja, aangalie watoto kuliko anavyokuangalia wewe.

Na kwenu walimu wakuu na wadhibiti ubora wa shule: vijana hawa wanaandika "limeeleweka" kwa sababu wanaogopa. Mkikuta andalio limeandikwa "nusu ya darasa haijaelewa", msiulize kwa nini ameshindwa. Muulizeni kesho yake alifanya nini.