Mkesha wa Kupala: upagani wake ni wa kiasi gani?

Mkesha wa Kupala ni sherehe ya usiku wa katikati ya kiangazi miongoni mwa Waslavi, watu wa Ulaya Mashariki. Wengi wanaopenda dini zao za kale hushikilia kwamba ulikuwa ibada ya mungu mwenye jina hilo, na kwamba Kanisa lilimfunika kwa jina la Yohana Mbatizaji. Wanaowapinga wanaiona kuwa sikukuu ya Kikristo ya Juni 24, siku ya Yohana, iliyozoa mila za wakulima.

Kwa huyo mungu, ushahidi ni hafifu. Mambo ya Nyakati ya Kyiv, yaliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 12, yanataja masanamu ya miungu aliyosimamisha Volodymyr, mtawala wa Kyiv, mwaka 980: Perun, Khors, Dazhbog, Stribog, Simargl na Mokosh. Kupala hayumo. Anatajwa kama mungu wa mavuno katika Mambo ya Nyakati ya Gustyn, ya karne ya 17, wakati Kyiv imeshabatizwa tangu 988.

Mila zenyewe ni habari nyingine. Mwaka 1505 Panfil, mkuu wa monasteri karibu na mji wa Pskov, Urusi, alimwandikia mtawala wa mji akilalamikia ngoma, wanawake kucheza na kupiga makofi, na waganga kuingia mabondeni kuchuma mitishamba usiku huo. Alizichukia mila hizo, hakuwa na sababu ya kuzipamba. Ndiyo maana namwamini.

Hadi leo wasichana huelesha mataji ya maua mtoni. Msingi wa taji ni vijiti laini vya mti unaopindika, kisha maua na majani husukwa juu yake. Maua matupu hulegea yakilowa. Mshumaa uwe mfupi, usimame katikati juu ya vijiti viwili vilivyopishana, la sivyo taji hulalia upande mmoja na kuzama. Na kuzama si jambo dogo: huaguliwa kuwa mapenzi yamekwisha, pengine hata kifo. Likienda mbali, ndoa itakuwa ya mbali.

Wapenzi huruka juu ya moto wameshikana mikono. Mikono ikiachana, uchumba unatiliwa shaka. Ua la kangaga linalotafutwa usiku wa manane halitapatikana, kwa kuwa mmea huo hauchanui kamwe. Huzaa kwa spora, chembe ndogo kama vumbi, chini ya majani.

Mvutano mkali zaidi sasa ni wa tarehe. Kalenda ya Juliani, ile ya zamani inayofuatwa na kanisa huko, imebaki nyuma ya kalenda ya kawaida kwa siku 13, hivyo Urusi na Belarusi mkesha huangukia Julai 6. Kanisa la Kiorthodoksi la Ukraine lilibadili kalenda Septemba 2023, na siku ya Yohana ikarudi Juni 24. Wapagani wa leo wengi hufuata siku ndefu kuliko zote, Juni 20 hadi 22. Kwa hesabu ya jua wako sahihi. Lakini mmea wa maua ya njano uitwao kwa jina la Yohana, unaochumwa sana usiku huo, huchanua kuanzia Juni na kuendelea Julai nzima; huko kaskazini penye baridi, mchumaji wa Julai 6 ana nafasi kubwa zaidi ya kuukuta umechanua.