Taa nne za betri zinatuumiza

Kinachonikera kwa wauzaji wa baiskeli za umeme za mtumba hapa Tanga ni hiki: ukiuliza hali ya betri, unaonyeshwa taa. "Si unaona, dada'angu, zote nne zinawaka!" Zinawaka kwa sababu imetoka kwenye chaji sasa hivi! Betri ya volti 36 ikijaa husoma volti 42 hata ikiwa imechoka. Uchovu wake hujitokeza ukishapanda na mota inavuta. Asubuhi ya kwanza kwenda kazini kutoka Pongwe, sijafika hata nusu ya njia, taa tatu zilizimika kwa mpigo. Nikabaki nalikanyaga dude zito lile kwa miguu, jasho linaingia machoni.

Na betri ndiyo gharama kuliko kila kitu humo, muuzaji anajua. Basi aseme! Aseme ina miaka mingapi, ilikaa stoo bila chaji muda gani (kukaa tupu kunaiua kabisa). Aniache niiendeshe mpaka Raskazone na kurudi kabla sijatoa hela. Ukiomba hivyo unaambiwa una wasiwasi mwingi. Sasa nimerudi kulipa nauli ya daladala kila siku, na hela ya baiskeli imeshakwenda.