Abiria wa Katikati

Baba Mkubwa alipotoka hospitali baada ya kupasuliwa ngiri, daktari alimpa masharti. Asinyanyue kitu kizito kwa wiki 4 hadi 6. Ale matunda na mboga na anywe maji mengi, ili choo kisimsumbue akalazimika kujikamua. Na akitaka kukohoa au kupiga chafya, aukumbatie mto tumboni kwanza. Habari za kucheka daktari hakuzitaja. Hizo aliongeza Mama Mkubwa mwenyewe, maana anamjua mumewe: mzee yule kicheko chake huanzia magotini. Basi akaweka kiti mlangoni pale nyumbani kwao Bombo, mji ulio kaskazini mwa Kampala, Uganda, na kila mgeni aliulizwa swali moja: "Umekuja kumwona, au umekuja kumchekesha? Kama ni kumchekesha, nichekeshe mimi hapahapa nje, halafu uende zako."

Huku kwetu mgonjwa anajulikana kwa meza yake. Wageni wa kwanza wanaleta sukari, mkate na sabuni. Wa pili wanaleta glukosi na maji ya matunda ya boksi. Wa tatu wanaona vilivyopo mezani, wanasema "lo, afadhali", na wanaleta glukosi tena. Baada ya muda meza ya Baba Mkubwa ilikuwa imejaa hadi redio ikahamishiwa sakafuni, na mzee wa jeshi asipoifikia redio yake nyumba nzima haina amani.

Kwa hiyo tuliposhika simu kwenye kundi la ukoo na kuchanga pesa za zawadi, tulikubaliana kwamba glukosi basi. Mmoja akasema shuka. Mwingine akasema kiti cha uvivu. Binamu mmoja aliyekaa Ulaya kidogo akasema maua. Tulikuwa tunabishana vizuri tu mpaka ujumbe ukaingia kutoka namba ambayo sote tulikuwa tumesahau kwamba imo humo ndani:

"Maua pelekeni makaburini. Mimi bado niko. Nataka fenesi."

Kimya. Kisha kila mtu akaandika "sawa Baba Mkubwa" kwa zamu, na kazi nikapewa mimi kwa sababu ndiye ninayekaa karibu na soko la Kalerwe, Kampala.

Fenesi la kununua zima halichaguliwi kwa macho. Unalipiga kofi na kusikiliza: bichi linalia kavu, lililoiva linajibu kwa sauti nzito ya tumboni. Unanusa. Unapapasa vipele vya ganda, kama vimeanza kulala na kuachana, limekaribia. Mama muuzaji alinichagulia moja refu, la kijani kinachoelekea manjano, kubwa la kuhitaji mikono miwili na nia. Shilingi 15,000. Nikamwuliza habari ya utomvu, maana yeyote aliyewahi kula fenesi bila kujipaka mafuta mikononi anajua adhabu yake. Akakibonyeza kikonyo kwa kidole gumba. "Kimekauka, ssebo. Tangu jana." Akakifunga kwa kaveera nyeusi, mfuko wa plastiki, ile ile ambayo serikali inaipiga marufuku mwaka nenda mwaka rudi, na mwaka nenda mwaka rudi iko sokoni.

Bwaise nikapata taksi, kwetu ndiyo kibasi cha abiria. Buti lilikuwa na godoro la mtu, kwa hiyo kondakta akasema fenesi ama likae kwenye kiti na lilipe nauli, ama likae mapajani. Likakaa mapajani, limesimama wima, kikonyo juu, kimeegemea mgongo wa kiti cha mbele. Kwenye kiti hicho alikaa dada mmoja nadhifu sana, nywele za kusuka ndefu zinameremeta. Foleni ya Kawempe ikamlaza. Kichwa chake kikawa kinarudi nyuma kidogo kidogo, na mimi, kwa adabu, nikawa nalivuta fenesi kidogo kidogo.

Tukafika Kawanda. Pale pana kituo cha utafiti wa kilimo, wataalamu wanahangaika na ndizi zetu zisife kwa magonjwa, Mungu awabariki. Ila wakipata nafasi, watutengenezee na fenesi lisilo na utomvu. Dereva hakuliona tuta. Sote tuliruka, fenesi likaruka zaidi yetu, likatua kwa kikonyo kwenye ukingo wa kiti. Kaveera ikapasuka. Na kikonyo kilichokauka tangu jana kikatoa maziwa meupe, mazito, yasiyo na haraka.

Kichwa cha yule dada kikarudi nyuma, kikatulia pale pale. Yeye hata hakuamka. Nilijaribu kumgusa bega, lakini wewe mwanaume, unamgusaje bega mwanamke usiyemjua ndani ya taksi, umwambie nini?

Matugga akashtuka. "Kondakta, stegi!" Akasimama.

Nywele hazikusimama.

Alitembea hatua mbili akiwa na mabutu yake madogo kichwani kabla upepo wa dirishani haujampa habari. Akashika kichwa. Akageuka. Akaniona mimi, nimekumbatia kitu chenye nywele zake.

"Mubbi!"

Neno hilo Uganda si la mchezo. Ukiitwa mwizi kando ya barabara, maelezo yako yanasikilizwa ukiwa tayari umelazwa. Taksi ilikuwa haijasimama sawasawa na vijana wa bodaboda wameshashuka kwenye pikipiki zao. Nikaliinua fenesi juu, mikono yote miwili, wote walione. Nywele zikaning'inia pande mbili, zikitikisika taratibu. Wale vijana wakaniangalia. Wakaliangalia fenesi. Mmoja aliyekuwa na jiwe akaliweka chini ili apate nafasi ya kushika tumbo.

Mzee mmoja wa kiti cha nyuma, kanzu safi, akajiteua hakimu. Akatuuliza mmoja mmoja. Akakagua kikonyo. Akavuta unywele mmoja, ukavutika na ukarudi. Akatangaza kwamba hapa hakuna wizi, hapa pana utomvu. Ndipo ushauri ukaanza kumiminika: mafuta ya taa, mafuta ya kupikia, majivu, mkasi. Kusikia mkasi yule dada akapiga ukelele. Wigi lile ni nywele za binadamu, akasema, zimetoka Brazil, shilingi 150,000, na hawezi kulitia mafuta ya taa kwa sababu anakwenda kwenye kwanjula ya rafiki yake, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, saa hiyo hiyo. Yaani mabinti wote watakuwa na nywele, na yeye atakuwa na maelezo.

Tukashuka bei pole pole, hakimu akisukuma huku na huku, mpaka 60,000. Kondakta naye hakusubiri hukumu. Alinirudishia nusu ya nauli, taksi ikaondoka. Dada akatoa kitambaa kwenye mkoba, akajifunga kilemba, na, nisiongope, kilimpendeza kuliko wigi. Akanipokea pesa, akauliza mgonjwa anaumwa nini. Nikamwambia. "Bambi," akasema, "mpe pole," akaenda.

Sasa wigi lilikuwa langu kwa kununua. Ningelivuta likatike na 60,000 yangu ndani yake? Nikaliacha lilipo. Kijana wa boda akalisimamisha fenesi katikati ya siti, akalifunga kiunoni mwake kwa mpira wa tairi, mimi nikapanda nyuma na kulikumbatia. Tukaondoka. Nywele zikawa zinanipiga usoni mpaka nikafumba macho, kwa hiyo sikumwona askari wa barabarani karibu na Bombo. Nilimsikia.

"Simama hapo!"

Kwa wasiojua, Uganda Kiswahili kina historia yake. Wengi wa rika langu Kampala walikikuta kwanza mdomoni mwa mtu mwenye sare, kwa hiyo ukikisikia kikali namna ile unasimama kwanza, sababu utaijua baadaye. Hata sisi tunaokiongea nyumbani.

Alikuja akitokea nyuma yetu, kalamu mkononi. "Pikipiki ni abiria mmoja. Mnabeba mshikaki?"

"Afande, ni mmoja," nikasema.

"Mmoja? Na huyu mama wa katikati? Mjamzito mnambeba hivi, na kofia ngumu hana?"

Kijana wa boda akaanza kutikisika. Mimi nikasema, kwa heshima yote, "Afande, huyu ni fenesi."

Akazunguka mbele. Akainama. Akazisogeza nywele kwa ncha ya kalamu, akakutana na vipele. Alibaki ameinama hivyo kwa muda, nadhani akitafuta kifungu. Mwishowe akasimama wima, akatazama upande wa pili wa barabara, mdomo umekazwa, akatupungia mkono tuende. Tulipofika mbali kidogo nikageuka. Alikuwa ameshikilia nguzo.

Nyumbani kiti kiko mlangoni, Mama Mkubwa yuko kitini. Nikaingia ua nimelibeba begani.

"Asalaam aleikum, Mama Mkubwa."

"Waaleikum salaam. Huyo nani?"

"Fenesi. La mgonjwa."

"Na nywele?"

"Za mwanamke mmoja wa Matugga."

Nilisikia mwenyewe lilivyotoka. Na ndani ya nyumba nako kukasikika slipa zinaburuzwa, kisha sauti ya Baba Mkubwa: "Mwanamke gani wa Matugga?"

Mama Mkubwa akaruka. "Rudi ndani! Usitazame!" Kumwambia hivyo mzee wa jeshi ni kumpa amri ya kutazama. Akatokea mlangoni ameshika pazia. Akaliona fenesi, refu, limejaa kiunoni, nywele za kusuka mpaka begani kwangu.

"Karibu, nnyabo," akaliambia. Na magoti yakaanza.

"Mto! Mto!" Mama Mkubwa akampachika mto tumboni, mzee akaukandamiza kwa mikono yote miwili, akacheka bila sauti, machozi yakimtiririka, katikati akinong'ona, "Liondoeni... nyuzi zangu... liondoeni." Nikaligeuza ili asilione uso. Kumbe kwa nyuma ni baya zaidi. Mama Mkubwa alijizuia mpaka hapo, kisha akaketi kizingitini na kuvuta pembe moja ya mto na yeye.

Nyuzi zilishika. Aliyezikagua alisema zimeshonwa na fundi.

Fenesi tulilipasua uani juu ya magazeti, kisu na mikono tumevipaka mafuta ya kupikia. Lilikuwa tamu, muuzaji hakudanganya kote. Wigi Mama Mkubwa hakuruhusu mtu aliguse. Alikaa nalo jioni nzima na kikombe cha mafuta, unywele kwa unywele, kisha akaliosha kwa sabuni walizoleta wageni wa kwanza na kulianika. Nilipomwomba nilichukue nikaliuze, alinitazama. "Mgonjwa ameletewa zawadi. Anayemwamsha usiku kumpeleka msalani ameletewa nini? Glukosi?"

Likabaki Bombo. Mimi nikarudi Kampala na kuandika hesabu kwenye kundi kama ilivyo desturi: fenesi 15,000, usafiri 20,000, nywele 60,000. Mweka hazina wetu, shemeji ambaye hajawahi kupitisha shilingi bila kuigeuza pande zote mbili, akajibu: "Mlisema mzee alipasuliwa ngiri. Nywele ni za sehemu gani?" Akataka risiti.

Nikamtumia picha ya Mama Mkubwa kwenye arusi ya jirani, kidevu juu, nywele mpaka mgongoni. Pesa iliingia kwenye simu yangu kabla ya adhuhuri, na nyuma yake ujumbe wa mke wake akiuliza: Matugga sehemu gani?