Mapambo ya Harusi kwa Fundi Majeneza

Shangazi yangu anapamba kumbi za harusi hapa Tanga. Maua, taa, steji ya maharusi, yeye ndiye mwenyewe. Nikamtengenezea tovuti, tukaisajili kwa domeini, yaani anwani ya mtandaoni, ya .co.tz yenye jina lake, tukakaa kungoja simu za wateja. Ya kwanza ikawa ya shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hebu niambie, mimi nimeanza lini kuuza majeneza?"

Nikafungua Google nikatafuta jina la biashara. Kichwa chetu, maelezo yetu yale yale: "Tunaifanya siku yako isisahaulike." Ila anwani iliyokaa juu yake ilikuwa ya fundi majeneza, mzee mmoja anayejulikana mji mzima.

Ukichimba, kiini ni seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti. Seva moja hubeba tovuti nyingi, na domeini ikifika pale bila tovuti yake, hupewa ile iliyo ya kwanza kwenye orodha. Mzee alikuwa ameiacha tovuti yake ife, lakini domeini bado anailipia na bado inaelekea kwenye seva ileile. Jina la shangazi linaanza na A. Basi tovuti yetu ikawa inafunguka kwa anwani mbili, na Google ikikuta kurasa pacha huchagua moja ya kuonyesha. Ikachagua ya marehemu.

"Mpigie huyo Google niongee naye," shangazi akaamuru.

"Hana simu ya kupigiwa, shangazi."

"Utajiri wote ule?"

Kijana wa seva akasema hilo jambo dogo. Akaweka faili la robots.txt kwenye domeini ya mzee, kuizuia Google isiingie. Kumbe kuizuia isisome si kuiambia ifute. Anwani ya majeneza ikabaki palepale, maelezo yetu yakayeyuka, na chini yake kukaandikwa kwamba hakuna taarifa kuhusu ukurasa huu. Yaani bibi harusi anatafuta mapambo, anakuta jeneza, na hata halina maelezo! Nami nilikuwa nimeshaweka tegi ya kanonikali kwenye kila ukurasa, ile inayoiambia Google anwani halali ni ipi. Ingeisomaje kwenye domeini ya mzee, na mlango umepigwa kufuli?

Mzee naye akanipigia, kwa upole wa watu wa kazi ile. "Mwanangu, wasichana wananiuliza kama nina rangi ya dhahabu. Nimewaambia ninayo."

Tukaliondoa lile faili. Kijana akaweka 301, msimbo unaosema anwani hii imehamia kule moja kwa moja, si kwa muda kama 302. Nikaingia Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, nikaomba kurasa zikaguliwe upya. Wiki zikapita, na kweli, siku moja Google ikaonyesha domeini ya shangazi. Tukala pilau.

Ila 301 haichagui msafiri. Mzee alikuwa na kadi zake za zamani zimezagaa mjini, zenye ile anwani, na kila aliyeiandika kwenye simu alihamishiwa kwetu bila kuulizwa. Nilikuwa sebuleni kwa shangazi simu ilipoita. Akaweka spika. Sauti ya mwanamume, nzito, ya mtu asiyelala.

"Samahani mama. Mna la futi sita?"

"Steji ya futi sita? Ndogo hiyo, baba. Chukua ya kumi na mbili, mkae wote wawili kwa raha."

Kimya.

"Na taa tunakuwekea bure," shangazi akaongeza. "Shughuli yenyewe lini?"

"Kesho saa saba mchana."

"Kesho! Mbona mmeshtukizana hivyo?"

Simu ikakatwa. Shangazi akanigeukia, uso umemkunjamana.

"Hawa ndio wale wazazi walikataa, wakaamua kutoroka."