Sauti Ivuke Uzio, Chupa Ibaki Jukwaani

Januari 2025 tuliangalia mpira wa ajabu kwenye baraza moja ya Majengo, hapa Mombasa. Simba walikuwa kwao Dar es Salaam, uwanja wa Benjamin Mkapa, wakicheza na CS Constantine ya Algeria katika Kombe la Shirikisho, na majukwaani hapakuwa na mtu. Ukimsikia kipa akiwapigia kelele mabeki wake. Ukisikia mguu ukigonga mpira. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilikuwa imewafungia mashabiki milango kwa fujo za mwezi uliotangulia, siku Simba walipowafunga CS Sfaxien ya Tunisia 2-1 kwa bao la dakika za nyongeza na viti zaidi ya 200 vikang'olewa.

Simba wana msemo unaojulikana hata kwetu: "Kwa Mkapa hatoki mtu." Siku ile hapakuwa na wa kuutamka, na Constantine hawakutoka vilevile. Walikula 2-0. Miezi minne baadaye ikawa fainali na RS Berkane ya Morocco. Simba wamepigwa 2-0 ugenini, marudiano yakahamishiwa Amaan, Zanzibar, kwa sababu ya hali ya nyasi za Mkapa. Amaan ikajaa, watu wakaimba mpaka koo zikakauka, na mechi ikaisha 1-1. Kombe likapanda ndege kwenda Morocco.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa jukwaani Mbaraki, uwanja wa timu yetu ya Bandari, tangu ujana wake, hapendi nikizitaja mechi hizo pamoja. Kwake yeye shabiki akishafundishwa adabu timu imeshafungwa. "Mgeni lazima ahofu, yakhe," huniambia. "Asipohofu, nyumbani ni nini? Ni nyasi tu." Nami kwa muda mrefu nilimjibu kwa hizo mechi za Simba, mpaka nikaona namdanganya. Mechi mbili hazithibitishi kitu. Ukitaka kujua kelele za watu zina uzito gani, tazama msimu mzima, na bahati mbaya ya korona ilitupa msimu huo.

Ligi Kuu ya Uingereza ya 2020/21 ilichezwa karibu yote bila watu. Wenyeji walishinda mechi 144, wageni 153. Haijawahi kutokea kabla ya hapo katika historia ya ligi hiyo kuu wageni kushinda mechi nyingi kuliko wenyeji. Ujerumani nako, walipoirudisha Bundesliga Mei 2020 na majukwaa matupu, ushindi wa nyumbani ulishuka vivyo hivyo. Uwanja ulikuwa uleule, chumba cha kubadilishia kilekile, safari ya mgeni ileile. Kilichoondoka ni watu. Kwa hiyo rafiki yangu ana haki yake: shabiki hufunga mabao.

Ila hufungaje? Hapo ndipo tunapoachana. Sisi tukikaa jukwaani tunajiona tunampa nguvu mshambuliaji wetu. Huenda. Lakini kuna jaribio lilifanywa Uingereza zamani kidogo ambalo halinitoki kichwani. Waamuzi 40 waliwekewa mkanda wa mechi iliyochezwa Anfield kati ya Liverpool na Leicester. (Si Liverpool yetu ya Mombasa, ile iliyokuja kuitwa Mwenge, hiyo ingehitaji baraza yake peke yake.) Baadhi yao waliangalia na kelele za uwanja, wengine mkanda ukiwa kimya, kisha kila mmoja akaulizwa: hii ni faulo au si faulo? Waliosikia kelele waliwahesabia wenyeji faulo pungufu kwa kama asilimia 15. Mchezo uleule, miguu ileile. Sauti ilikuwa imeingia kwenye filimbi.

Na hao walikuwa wamekaa kwenye viti, hawaoni mtu anayewasubiri nje ya geti. Sasa mchukue refa wa ligi yetu, ambaye hana kamera ya kumrudishia tukio wala runinga ya kukimbilia pembeni, mshika kibendera wake anacheza hatua chache tu kutoka kwa watu wanaomjua sura, na usiku atalala mji huohuo. Huyo halemewi na kelele. Analemewa na hesabu ya namna ya kufika kwake salama.

Huo ndio ukweli unaonikera katika hoja hii, na heri niuseme kuliko kuuficha: kitisho hufanya kazi. Anayesema vurugu hazisaidii timu hajakaa uwanjani. Zinasaidia, mara nyingi, kwa njia ileile inayosaidia nyimbo, kupitia sikio la refa na moyo wa mgeni. Basi huwezi kumhubiria shabiki kwamba anajidhuru mwenyewe. Lazima useme ni wapi msaada unageuka wizi.

Kwetu Mombasa faida ya nyumbani haijawahi kuwa ya kelele tu. Timu ya Nairobi husafiri karibu kilomita 480, na ikishuka inakutana na joto la alasiri lililochanganyika na unyevu wa bahari. Jezi inalowa kabla mechi haijaanza. Bandari nao wakipanda Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, vifua huwabana. Hakuna anayeita hilo udanganyifu. Hata hapo usalama wa mchezaji uliwahi kuingia katikati: Mei 2007 FIFA ilipiga marufuku mechi za kimataifa juu ya mita 2,500, Bolivia wakaja juu kwa ajili ya La Paz yao ya mita 3,600, na mwaka uliofuata marufuku ikawekwa kando. Hewa na jua hazina nia mbaya. Mtu mwenye chupa mkononi ana nia.

Rafiki yangu husema klabu ndogo haina kitu kingine. Haina gimu, haina daktari wa maana, basi la kukodi. Ukiipokonya na sauti ya watu wake umeiacha uchi. Naona uzito wa hoja hiyo. Lakini nikiulizwa nani hasa amewapokonya watu wa Mombasa faida ya nyumbani, sitaanza na adhabu za mashabiki. Bandari walitwaa Ngao ya FKF, kombe la shirikisho la soka la Kenya, 2019 wakaingia Kombe la Shirikisho. Wakawatoa Al Ahly Shendi ya Sudan kwa bao la ugenini, na "nyumbani" kwao katika safari hiyo kulikuwa Kasarani, Nairobi, mwisho wa pili wa reli. Mji uliotoa bingwa wa Kenya mwaka 1965, Feisal, haukuwa na uwanja wa kumkaribisha Msudani. Uwanja wa Manispaa ulivunjwa ili ujengwe upya, kazi ikakokota miaka. Hayo hayakufanywa na mlevi wa jukwaani.

Lakini tusijifiche nyuma ya simenti.

Agosti 2014, huko Tizi Ouzou, Algeria, JS Kabylie walifungwa 2-1 nyumbani na USM Alger. Bao la Kabylie lilifungwa na Mkameruni Albert Ebossé. Mechi ilipokwisha wachezaji wakielekea vyumbani, vitu vilirushwa kutoka majukwaani, na taarifa rasmi ya wakati ule ikasema kimojawapo kilimpiga Ebossé kichwani. Alifariki. Familia yake baadaye ilizipinga taarifa hizo na kudai ukweli zaidi, lakini jambo moja halibadiliki: wale walikuwa mashabiki wa timu yake mwenyewe, na bao la siku ile lilikuwa lake. Tunapomwambia mgeni ahofu, tunafikiri tunaamua nani wa kuhofu. Jiwe likishatoka mkononi halisomi rangi ya jezi.

Na wasioamini kwamba vurugu hazingoji hata kushindwa, wakumbuke Port Said, Misri, tarehe 1 Februari 2012. Wenyeji Al Masry walikuwa wameshinda 3-1. Wameshinda! Filimbi ya mwisho ikalia, watu wakamiminika uwanjani kuwavamia wachezaji na mashabiki wa Al Ahly, na zaidi ya watu 70 wakafa. Kwa miaka baada ya hapo ligi ya Misri ilichezwa mbele ya viti vitupu.

Hapo ndipo ninapouona mpaka, na ni mwepesi kuliko kanuni zote za shirikisho. Sauti na ivuke uzio, hata iwe ya kukera, hata imtoe kipa machozi. Kitu kingine chochote kisivuke: chupa, jiwe, fataki, mtu mwenyewe, wala mwanga wa leza. Matusi ya kabila na rangi nayatoa kwenye ruhusa hiyo, sina haja ya kulieleza sana. Ila yale ya "refa kipofu" na "rudini kwenu na basi la usiku," nayaacha. Uwanja si maktaba.

Kuna wanaotaka zaidi, wanaotaka milango ifungwe kila fujo ikitokea. Nimejaribu kuwaelewa. Kenya tuna sababu ya kuogopa umati: Oktoba 2010, mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards uwanja wa Nyayo, watu saba walikufa kwenye msongamano. Cameroon ilizika wanane Januari 2022 baada ya msongamano wa geti la Olembe. Na Agosti 2025, katika CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, wasio na tiketi walipoingia kwa nguvu Kasarani siku ya mechi na Morocco, CAF ikaibana Kenya: tiketi 27,000 tu kwa mechi na Zambia. Wengi walinung'unika kwamba tumenyimwa uwanja wetu. Mimi sikunung'unika. Kupunguza watu ili wanaoingia watoke hai si adhabu.

Kufunga milango yote ni jambo jingine. Anayeumia si aliyerusha chupa. Aliyerusha chupa ataangalia mechi kwenye runinga. Anayeumia ni mama wa viazi karai na mihogo nje ya geti, na kijana aliyejiwekea nauli ya matatu kutoka Kisauni, na klabu yenyewe, ambayo mapato ya mlangoni ndiyo yanayolipa basi la wiki ijayo. Zaidi ya hapo, milango iliyofungwa humfundisha shabiki kwamba kosa ni la umati, na kosa la umati halina mwenyewe.

Wala vifo vikubwa vya viwanjani si vya mashabiki peke yao. Accra, Mei 2001, watu 126. Kanjuruhan, Indonesia, Oktoba 2022, watu 135. Kote kuwili vurugu za jukwaani zilijibiwa na polisi kwa gesi ya kutoa machozi, watu wakakimbilia njia nyembamba na milango isiyotosha. Kanuni za FIFA zenyewe zinakataza gesi hiyo uwanjani. Polisi wetu nao, sote twajua, hawana uvivu wa kuifyatua. Ukija kunifundisha adabu ya mashabiki, njoo umewafundisha na hao.

Mimi nashikilia adhabu inayogusa jedwali la ligi. Novemba 2021, Dimitri Payet wa Marseille alipigwa chupa kichwani akienda kupiga kona mjini Lyon. Mechi ikavunjwa, na Lyon wakakatwa pointi moja. Pointi moja ni ndogo, lakini ina akili: inachukua kilekile kitisho kilichokuja kutafuta. Shabiki aliyerusha chupa ili timu yake ishinde anajua sasa kwamba chupa ina bei ya pointi, na walioketi karibu naye wana sababu ya kumshika mkono. Kamera mia hazifanyi hivyo, na Mbaraki kamera mia hatutaziona karibuni.

Nilimweleza rafiki yangu haya yote, tukinywa kahawa chungu. Akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akaniletea Senegal.

Dakar, tarehe 29 Machi 2022, nafasi ya kwenda Kombe la Dunia. Mechi na Misri imefika penalti. Mohamed Salah anaweka mpira chini, uso wake umekuwa kijani kwa miale ya leza kutoka majukwaani. Akapiga juu ya mwamba. Senegal wakashinda penalti 3-1. FIFA ikawatoza faini ya faranga 175,000 za Uswisi na mechi moja bila mashabiki.

"Walikwenda Qatar, hawakwenda?" akaniuliza.

Walikwenda.

"Basi ile si faini. Ile ni nauli."

Nikamwambia ndiyo maana sizipendi faini. Kwa kanuni yangu, mwanga ukivuka uzio penalti inarudiwa palepale, mpaka uwanja uwe na giza. Akacheka mpaka kahawa ikammwagikia kanzuni.

"Irudiwe," akasema, akijifuta. "Na refa gani, usiku ule, pale katikati, angeinua mkono kusema irudiwe?"