Gari Lililotia Nanga Wete

Gari lenyewe lilikuwa Hiace kongwe, ambalo kabla ya kuangukia mikononi mwangu lilikuwa daladala la shamba hapa Unguja. Niling'oa viti vyote vya nyuma, nikamwita seremala akanipigia vitanda vya mbao na rafu ya jiko la gesi, nikafunga na pipa la maji la lita 60. Wanangu wakaliita Konokono, kwa kuwa lilikwenda pole na lilibeba nyumba yake. Safari yake ya kwanza niliipangia Wete, mji wa bandari kisiwani Pemba niliosomea skuli na ambao sikuwa nimeurudia kwa miaka 15: tungelala pwani siku mbili, kisha tungekwenda msitu wa Ngezi na ufukwe wa Vumawimbi. Nilimchukua mke wangu, watoto wawili, na mama mkwe, ambaye ni mzaliwa wa Wete hasa na ambaye, kwa heshima za kwetu, husema nami maneno machache na huniangalia begani badala ya usoni.

Meli ilitushusha Mkoani, tukapita Chake Chake, tukapishana na mikeka ya karafuu iliyoanikwa kandoni mwa barabara. Njia nzima nilikuwa nikieleza. Wete, niliwaambia, naijua uvunguni mpaka darini.

Tulifika saa tatu na nusu usiku, kwa kuwa Konokono alichemka mara mbili njiani. Pembeni mwa bandari nilikuta uwanja mpana wa mchanga mgumu, mkavu, na katikati yake jahazi limelala ubavu. Nikaliegesha gari kando ya jahazi lile ili litukinge na upepo. Hadi leo najiuliza kwa nini sikujiuliza jahazi lilifikaje pale.

Mwezi ulikuwa mpevu, nami nikausifu sana. Mama mkwe akasema taratibu, "Baba, mwezi leo wa ngapi?"

Nikamjibu kwa bashasha kwamba ni wa 15, ndiyo maana uling'aa vile. Akasema, "Haya," akavua makubazi yake, akayatundika kwenye msumari juu ya kitanda, kanga zake akazifunga furushi na kuliweka rafu ya juu kabisa. Nilidhani anaogopa panya.

Sasa, mtoto yeyote wa pwani anajua kwamba mwezi ukiwa mpevu au ukiandama huja bamvua, ambapo maji hupwa mno na kujaa mno, na kwetu tofauti kati ya kupwa na kujaa hukaribia mita nne. Anajua pia kwamba bamvua la kwetu hupwa kiasi cha saa nne usiku na kujaa kiasi cha saa kumi alfajiri. Mimi mwenyewe niliulizwa jambo hili katika mtihani nikiwa darasa la sita, hapo hapo Wete, na nikapata.

Saa tisa na nusu mwanangu mdogo aliniamsha, akaniambia kwamba jiko linatembea. Nilitia mguu chini ili nimkemee vizuri, nikaukuta mguu umo majini mpaka gotini. Jiko lilikuwa likielea kuelekea mlangoni pamoja na ndala zangu na mkate tuliouweka kwa ajili ya futari ya asubuhi, kama tulivyozoea kukiita kifungua kinywa nyumbani kwa mzaha. Nje, lile jahazi lilikuwa limesimama wima, limechangamka, linatugonga ubavuni kwa zamu kama mdai aliyechoka kubisha hodi. Nilijaribu kuwasha moto. Konokono alikohoa mara moja, akanyamaza.

Mke wangu alimbeba mdogo, mkubwa akajiogelea kwa furaha isiyo na adabu. Akabaki mama mkwe, ameketi kitandani na furushi lake kichwani na makubazi mkononi, ananiangalia begani. Hapakuwa na njia nyingine. Nikainama nikimwomba radhi, akapanda mgongoni, na tukavuka vile, mkwe juu ya mkwe, mbele ya wavuvi waliokuwa wakirudi kutoka baharini na ambao kwa hisani yao walizima kicheko mpaka tulipofika nchi kavu. Hapo mzee mmoja akaniuliza, "Bwana, hilo gari umelitia nanga, au litakwenda Tanga?"

Maji yalipopwa walilivuta kwa kamba za jahazi, watu wapatao ishirini, kwa nyimbo. Fundi alilifungua kwa siku tatu, na kwenye sanduku la spana akatoa kaa mzima. Nilipomuuliza mama mkwe kwa nini hakunionya, alisema, "Si uliniambia Wete waijua, baba?"

Ngezi tulikwenda kwa daladala mpaka Konde, na kutoka hapo kwa gari la kukodi. Watoto waliwaona popo wa Pemba, wale wakubwa wasiopatikana popote duniani isipokuwa kisiwa hicho, wananing'inia juu ya miti. Chini ya mvule mmoja nikachagua pahala pa kutandika mkeka. Mama mkwe akanizuia kwa mkono, akainama, akachota udongo kidogo, akauonja kwa ncha ya ulimi.

"Hauna chumvi," akasema. "Tandika."