Mwanazuoni wa Ulingoni

Kwanza, sikulia. Yule rafiki yangu anayewatangazia kwamba nililia anajua fika kuwa kamera nilishaizima. Machozi aliyaona wapi?

Mnamkumbuka bondia wangu wa ridhaa wa Olimpiki ya London, 1908. Nimewachosha naye miezi mitatu. Ndondi zote, uzito wa aina tano, zilipigwa siku moja tu, tarehe 27 Oktoba, na wangu alitolewa pambano lake la kwanza. Baada ya hapo, kimya. Magazeti yanampa herufi mbili na jina la ukoo, basi. (Kama umewahi kumtafuta mtu London kwa herufi mbili na jina la ukoo, pole.)

Usiku mmoja nikamnasa kwenye fomu ya sensa ya Uingereza ya 1911. Herufi zilezile, ukoo uleule. Umri: 27, maana yake ulingoni alipanda na 24. Kazi: "Scholar". Msomi! Nilirukaruka chumbani peke yangu.

Nikaomba nafasi kwenye mkutano wetu wa mtandaoni wa wapenda historia. Watu arobaini. Mada nikaiita "Mwanazuoni wa Ulingoni". Ndiyo, chekeni.

Nikaitandaza fomu kwenye skrini, nikaikuza mpaka wino ukajaa kioo. Nikasimulia jinsi msomi yule alivyobana mwili ubaki kwenye uzito wa unyoya, kilo 57, huku akikesha na vitabu. Vitabu niliviota mwenyewe. Ndipo mwalimu mmoja mstaafu akawasha kipaza sauti, akakohoa kidogo.

"Mwanangu, hongera. Hebu tusomee umri wa baba yake, hapo juu."

"Thelathini na nne, mwalimu." Sauti ya kishujaa kabisa.

"Na kijana?"

"Ishirini na..."

Mdomo ulijua kabla ya kichwa. Nikaanza kutoa kwa vidole, na vidole vikaonekana kwenye kamera. Saba. Baba mtu alizaa akiwa na miaka saba. Nikaisogelea skrini. Mstari wa juu yake yupo kaka mtu, miaka 9, na ile 9 mkia wake umeteremka, umejikunja, ukaja kutua mbele ya 7 ya mdogo wake. Ile 2 yangu ilikuwa mkia. Mkia, jamani! Mwanazuoni alikuwa na miaka saba. Siku ya pambano alikuwa na minne.

"Na hiyo 'Scholar'," mwalimu akaendelea, kwa upole unaoua, "sensa za wakati ule waliandikiwa hivyo watoto wanaokwenda shule."

Kimya. Kisha mtu aliyesahau kuzima kipaza sauti akasikika akimwambia mwenzake: "Miaka minne? Ndiyo maana alitolewa mapema."

Nikasingizia mtandao, nikazima kamera. Kuonyesha skrini sikuzima. Kwa hiyo wote arobaini waliniona nikiandika, herufi moja moja: "namna ya kufuta mkutano uliorekodiwa".

Haufutiki. Bondia mwenyewe bado simjui alikoishia. Na rafiki yangu sasa akipiga simu haniiti jina langu tena. "Vipi, msomi, leo mmepewa kazi ya nyumbani?"